Kabla hujabadilisha ARV, tafuta jibu la homa ya ini B

Ninyi mnaoanza kazi CTC, yaani kliniki ya tiba na matunzo ya VVU, kidonge cha TLD (tenofovir, lamivudine na dolutegravir) mtakigawa kila siku mpaka mkizoee, na hapo ndipo pa kuwa macho. Tenofovir na lamivudine zilizomo ndani yake hukandamiza VVU na kirusi cha homa ya ini B pia. Dolutegravir yenyewe kwa B haina msaada. Mteja mwenye maambukizi yote mawili anatibiwa kimyakimya, hata kama hakuna aliyempima.

Balaa huanza siku ya kubadilisha dawa. Kreatinini, kipimo cha figo, imepanda, mtu anaondoa tenofovir na kuandika abacavir na lamivudine, basi. VVU vitadhibitiwa, lakini ini limeachiwa lamivudine peke yake, na kwa wenye VVU kirusi cha B huwa sugu kwayo kwa takriban asilimia 90 ndani ya miaka 4. Kukatisha tenofovir na lamivudine zote mbili ni hatari zaidi: homa ya ini inaweza kulipuka upya, na wapo wanaokufa. Kwa hiyo fungua faili utafute jibu la HBsAg, kipimo cha homa ya ini B. Halipo? Pima kwanza. Likiwa chanya, zungumza na daktari: tenofovir inaweza kupunguzwa dozi kulingana na figo, au akapewa TAF, aina ya tenofovir iliyo nafuu kwa figo, ikiwepo, au entecavir ikaongezwa juu ya ARV kamili. Entecavir bila ARV kamili usithubutu, kwa sababu inavigusa VVU kidogo, kiasi cha kuvijengea usugu tu. Anayehamia mstari wa pili wa dawa, baada ya wa kwanza kushindwa, naye abaki na tenofovir, hata kama VVU vyake vimeshaishinda.

Msidanganywe na HVL nzuri, yaani kipimo cha wingi wa VVU kwenye damu. Haisemi lolote kuhusu B, na macho ya njano msiyasubiri. Wengi hawaonyeshi dalili yoyote mpaka ini limeshachakaa.

Kwenye ushauri nasaha, swali la kula sahani moja halikosekani. Haiambukizwi hivyo. Wenza na watoto wapimwe, wasio nayo wachanjwe, na mteja wenu mwenye jibu hasi achanjwe vilevile. Pombe na mitishamba ulizeni bila kufoka, la sivyo mtadanganywa. Anayeanza dawa za TB afuatiliwe ini kwa karibu.

Akihama kituo, andikeni jibu la HBsAg kwenye barua ya uhamisho. Nimepokea barua nyingi zenye CD4 (kipimo cha kinga) na HVL tu.