Pregnanedioli kwenye mkojo: mambo ya kushika unapoanza kazi maabara ya homoni

Projesteroni, homoni inayopanda baada ya yai kutoka, haidumu kwenye damu. Ini huigeuza kuwa pregnanedioli, huifunga na asidi ya glukuroni ili iyeyuke vizuri kwenye maji, kisha figo huitoa. Kwa hiyo kikombe cha mkojo kinaweza kuonyesha kama yai limetoka, bila kumchoma mtu sindano. Mwanabiokemia Guy Marrian aliitenga pregnanedioli kutoka mkojo wa wajawazito mwaka 1929, miaka 5 kabla ya projesteroni yenyewe kupatikana ikiwa safi.

Wanaoanza huharibu zaidi kwenye hesabu kuliko kwenye pipeti. Kamwe usisome namba ya pregnanedioli peke yake. Pima na kreatinini ya sampuli hiyohiyo (taka ya misuli inayoonyesha mkojo ni mzito au mwepisi kiasi gani), kisha gawanya. Tuseme mama mmoja ana mikrogramu 6 kwa mililita na kreatinini miligramu 2 kwa mililita: jibu ni 3. Mwenzake ana mikrogramu 2 tu, ila amekunywa maji mengi na kreatinini yake ni 0.5: jibu ni 4. Uliyedhani yuko chini ndiye yuko juu.

Andika wazi unachoripoti. Pregnanedioli huru ina uzito wa molekuli 320, glukuronidi yake (ile iliyofungwa na asidi ya glukuroni) 497. Ukizichanganya, jibu linakosewa kwa mara moja na nusu, na mashine haitakuonya.

Chukua mkojo wa kwanza wa asubuhi, uugandishe mapema kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Ukiachwa mezani kwenye joto, bakteria kama E. koli huikata glukuronidi kwa kimeng'enya chao, na kipimo cha kingamwili kinachoitafuta glukuronidi kitatoa jibu la chini. (Kimeng'enya hichohicho tunakitumia kwa makusudi, kwenye nyuzi 37, kabla ya kupima kwa kromatografia ya gesi, njia inayotenganisha kemikali zikiwa mvuke.) Ukishayeyuka, tikisa vizuri kabla ya kunyonya.

Uliza dawa. Vidonge vya projesteroni hupita ini kwanza, hivyo pregnanedioli hupanda sana hata kama yai halikutoka. Anayechomwa sindano ya uzazi wa mpango ya miezi 3 atakuwa chini, kwa kuwa sindano huzuia yai kutoka.

Sampuli moja ya chini pia haitoshi kusema yai halikutoka. Huenda imechukuliwa mapema mno. Omba za asubuhi kadhaa mfululizo, uangalie kama zinapanda na kubaki juu.