Swali la lugha: ni chembe au vigamba? Na rangi ya gari inang'aa au inameta?

Msomaji mmoja anayetafsiri maelezo ya rangi za magari kaniandikia hivi: "Shikamoo mwalimu. Kwenye karatasi ya kiwanda kuna sehemu inaeleza vile vitu vidogo vinavyofanya rangi ya metaliki iwe ile metaliki tunayoijua, na jinsi ya kuvifanya vikae vizuri. Nimeandika 'kuboresha tabia ya chembe akisi za rangi katika mpako'. Ofisini wamepitisha, ila fundi niliyemsomea hajaambulia kitu. Nimekosea wapi?"

Marahaba. Mi niko upande wa fundi, tena kabisa, maana yeye ndo atakayeshika bunduki ya rangi.

Tuanze na chembe. Mswahili akisikia chembe anaona punje, chembe ya mchanga, chembe ya mtama, kitu cha kuviringika. Sasa vile vya kwenye metaliki si punje, ni vipande bapa vya alumini, upana wake mara nyingi maikroni 10 mpaka 30 hivi (milimita 1 ina maikroni 1000) na unene wake maikroni 1 haufiki, yaani ukivitazama kwa hadubini ni magamba ya samaki. Basi viite vigamba, kigamba kimoja vigamba viwili, ngeli ya KI-VI na umemaliza. Na wala hatujalazimisha, maana Ufaransa tangu karne ya 17 walikuwa wanatoa mng'ao kwenye magamba ya samaki wenyewe wakatengenezea lulu za bandia. Ukikutana na rangi ya lulu, ile inayogeuka ukiizunguka, humo vigamba vingi si vya alumini, ni vya ulanga uliovishwa oksidi ya titani. Andika ulanga jamani, yale madini yaliyochimbwa milima ya Uluguru tangu enzi za Mjerumani, neno lipo na ni letu, hakuna haja ya kuandika maika.

"Akisi" hapo umeikata mkono, ni kitenzi, kwa hiyo sema vigamba vinavyoakisi mwanga. Na hiyo "za rangi" itoe, rangi kwetu ni ile ya kopo na pia ni wekundu na ubluu, ukiirundika humo msomaji anapotea.

Sasa kwenye "kuboresha tabia" ndo penyewe. Nilikaa gereji moja asubuhi nzima namwangalia kijana anapiga mlango rangi ya silva. Koti ya kwanza kaimwaga nzito, baada ya dakika chache mlango ukawa na mawingu, huku peupe huku kijivu. Mkubwa wake akaja, akainama akautazama kwa ubavu, akasema, "Haijalala hii." Neno moja tu! Rangi ikipulizwa nyembamba tina, yaani kile kimiminika cha kuizimulia, inaruka upesi, utando unasinyaa kwenda chini na unavibana vigamba vilale bapa, vyote vinatazama juu kama vioo. Ikiwa nzito inakaa mbichi muda mrefu, vigamba vinaogelea, vingine vinasimama vingine vinajikusanya, na kigamba kilichosimama hakikurudishii mwanga, unaona giza. Kwa hiyo kulala, kulaza, kusimama, kama tunavyosema nywele zimelala. Hayo maneno matatu yanabeba ukurasa mzima wa hiyo karatasi yako.

Kuna na vigamba vinavyoelea, vimepakwa asidi ya steariki ili viibuke juu ya utando, ndo ile silva ya mabati na matanki, ukipitisha kiganja unaondoka nayo mkononi. Hivyo sema vinaelea, basi.

Umeandika pia "changanya kwa nguvu". Hapana! Vigamba hutuama chini ya kopo, na kuviamsha ni kukoroga, tena polepole, maana mashine ya kasi inavikunja na kuvivunja halafu metaliki inakuwa kijivu mfu. Kuchanganya iache kwa rangi na haada, ile dawa ya kuigandisha.

Halafu kung'aa na kumeta, watu wanavichanganya kila siku. Kiatu kilichopigwa brashi kinang'aa, nyota zinameta. Kwenye gari klia, ile koti ya juu isiyo na rangi, ndo inayong'aa, vigamba vya chini yake ndo vinavyometa, kwa hiyo gari inaweza kung'aa sana na isimete hata kidogo, na fundi anazijua kama kasoro mbili tofauti zenye dawa mbili tofauti.

Mi ningeandika: "Koroga polepole mpaka vigamba vilivyotuama viamke. Puliza koti nyembamba ili vigamba vilale kabla rangi haijakauka." Mpako nao nimeutoa, hapa hakuna anayepaka kwa brashi. Msomee tena yule fundi, na akikwambia kwao wanatumia neno jingine niletee, nalitaka.