Maswali ya Wasomaji: Kufundisha Mtandaoni Ukiwa Nyumbani

Wanafunzi wanasema sauti yangu inakatikakatika. Mimi nawasikia vizuri, na video za mtandaoni hazinikwami hata kidogo. Tatizo liko kwao?

Wakilalamika wote, tatizo liko kwako. Intaneti ina kasi mbili. Video unayotazama inategemea kasi ya kupakua, ila sauti na sura yako zinamfikia mwanafunzi kwa kasi ya kupakia, ambayo kwenye vifurushi vingi vya nyumbani ni ndogo kuliko ile ya kwanza. Pima zote mbili, tena saa ileile unayofundisha. Kipimo cha alfajiri kitakudanganya.

Kwa somo la mwanafunzi mmoja, Zoom inahitaji takriban Mbps 0.6 (megabiti kwa sekunde, kipimo cha kasi ya intaneti) za kupakia kwa picha ya kawaida na 1.2 kwa picha iliyo wazi zaidi, ya 720p. Uwe na angalau mara mbili ya hizo, maana kasi hupanda na kushuka. Kama kipimo kinatosha na sauti bado inakatika, chunguza simu yako kwanza: mara nyingi huwa inapakia picha kwenye hifadhi ya mtandaoni kimyakimya, na huyo ndiye mwizi. Zima huduma hiyo wakati wa kipindi. Kisha unganisha kompyuta kwa waya na ruta, kifaa kinachogawa intaneti nyumbani. Ikishindikana, fundishia chumba chenye ruta, kwani ukuta mmoja wa zege unatosha kuidhoofisha Wi-Fi.

Mambo yakiharibika katikati ya somo, zima kamera na uendelee. Sauti peke yake haifiki hata Mbps 0.1, na mwanafunzi huvumilia kutokuona kuliko kutosikia.

Mwanafunzi anasikia maneno yake yakimrudia.

Maikrofoni yako inanasa sauti yake kutoka kwenye spika zako. Vaa hedifoni. Chagua za waya: nyingi za bluetooth hushusha ubora wa sauti mara maikrofoni yake inapowashwa.

Nimtoze aliyeghairi dakika tano kabla ya kipindi?

Ndiyo, ikiwa alipata sharti hilo kwa maandishi kabla ya somo la kwanza. Kutaka ajulishe saa 24 kabla ya kipindi ni muda wa haki. Kama hukumwandikia, msamehe, kisha mwandikie leo.

Nina wanafunzi London na New York. Kila Machi ratiba inavurugika, ingawa kwetu saa hazibadilishwi.

Marekani husogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi, Uingereza Jumapili ya mwisho. Katikati hapo saa za New York zimeshabadilika, za London bado. Kama umepatana nao kwa saa za kwao, kipindi cha kila mmoja kitakuja kwako saa moja mapema baada ya badiliko lake. Saa hurudishwa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba kwa Uingereza na ya kwanza ya Novemba kwa Marekani. Kwenye kalenda ya simu, sajili kila somo kwa majira ya mji wa mwanafunzi, nayo itajirekebisha. Kabla ya kila badiliko hakikisha vipindi viwili havijagongana; hilo kalenda haitakutatulia.