Pima kwanza kipande kitupu

Wiki hii wadogo zangu wawili wa maabara wamenijia mbio na grafu ya grafini, lile tabaka la kaboni lenye unene wa atomu moja, ileile niliyoikumbatia mimi miaka tisa iliyopita. Nawapenda, lakini jamani, haya tumeshayasema. Narudia.

1. Pima grafini tupu kabla ya kuidondoshea chochote. Mimi sikupima. Nilidondosha molekuli zangu, nikapandisha volti ya geti (elektrodi inayoongeza au kupunguza elektroni kwenye grafini), kilele cha ukinzani kikakaa kwenye volti 38 badala ya kukaribia sifuri. Kwa oksidi ya nanomita 300, ile inayotenga geti na grafini, hayo ni matundu (nafasi zilizokosa elektroni) kama trilioni 2.7 kwa kila sentimita ya mraba. Nikaamini molekuli zangu ndizo zimenyonya elektroni. Wiki tatu nzima nilichora michoro, nikamweleza msimamizi, naye akawasimulia wageni. Kisha mama fundi wa maabara akauliza taratibu, "Na kitupu kinasemaje?" Nikakipima palepale mbele yake. Volti 36. Nikarudisha volti kinyumenyume, kilele kikahamia 47, mistari miwili imeachama kama mdomo. Ulikuwa mvuke wa maji ya hewani, na mabaki ya plastiki ya PMMA tuliyobebea grafini. Tulioka usiku kucha ndani ya ombwe, asubuhi kilele kikawa kwenye volti 5. Kupanda ngazi kwenda kumwambia msimamizi, miguu ilikuwa mizito. Wale wageni walikuwa wameshaondoka.

2. Kuoka hakumalizi kila kitu. Chaji zilizonaswa ndani ya oksidi hubaki, na zinazitawanya elektroni bila hata kuzigusa. Karibu na nukta ya Dirac, yaani pale penye kilele cha ukinzani, huacha madimbwi, hapa elektroni, pale matundu, ndiyo maana upitishaji haushuki hadi sifuri. Mwaka 2008 watafiti wa Maryland walinyunyizia grafini atomu za potasiamu kidogokidogo ndani ya ombwe: kila walipoongeza, wepesi wa elektroni ulishuka na kilele kikasogea upande wa hasi. Jaribio zuri mno, maana uchafu waliutia wenyewe kwa kipimo.

3. Ukipata boroni nitridi, kihami chenye chaji chache kuliko oksidi, ilaze chini ya grafini.

4. Tumia ncha nne, si mbili. Ncha mbili hupima pamoja na ukinzani wa viungio vya metali, na huo si wa grafini.

Kipande cha mdogo wangu mmoja kiko ndani ya ombwe sasa hivi, nyuzi 120. Saa mbili asubuhi tutakipima pamoja, kwenda na kurudi.