Kazi ni ya nani, mwanangu?

Katwe, Kampala

Mwanangu mpendwa,

Sisi wazima, ila mama yako analalamika kwamba hapo Makerere na hapa ni mwendo wa boda tu na bado huonekani. Uliniuliza: huyo Dale Chihuly, msanii wa kioo wa Marekani, hapulizi kioo mwenyewe tangu 1979, sasa anatiaje sahihi kwenye kazi ya mikono ya wengine?

Nimemtazama kwenye simu ya mdogo wako. Vijana wanahangaika na moto, mzee kajifunga kitambaa jichoni, anaelekeza. Mwanzoni nilikuwa upande wako.

Lakini angalia alikopitia. Alisoma Wisconsin, hukohuko Marekani, kwa Harvey Littleton, ambaye mwaka 1962 alionyesha kwamba msanii anaweza kuyeyusha kioo kwenye tanuri dogo, asitegemee kiwanda. Kisha 1968 akaenda kiwanda cha Venini, kisiwa cha Murano kule Italia, akakuta mambo mengine: fundi mkuu kakaa kwenye benchi, huyu anamletea kioo cha moto, yule anapuliza, wa tatu yuko mlangoni pa tanuri. Kwa hiyo kufanya kazi kwa kikosi alikujua kabla ya ajali ya gari ya 1976 kule Uingereza iliyompofusha jicho la kushoto, na kabla ya bega kuteguka baharini 1979. Bega lilimtoa kwenye bomba la kupulizia tu. Akashika rangi, akawa anawachorea wenzake anachotaka.

Tena kuna ile habari ya vikapu. Mwaka 1977, mjini Tacoma, Marekani, aliona vikapu vya zamani vya wenyeji wa pwani ile vimerundikwa, vimelegea kwa uzito. Akaacha kioo cha moto nacho kilegee, kuta nyembamba, mdomo umepinda. Fundi wa vioo vya madirisha kama mimi angekinyoosha! Jicho lile ndilo linalotia sahihi. Ila ningekuwa mimi, majina ya kikosi chote yangeandikwa.

Uliuliza pia kama unaweza kuyeyusha vipande vyangu vya vioo vya madirisha: inawezekana. Anselm Croze, fundi wa kupuliza kioo, anatumia kioo chakavu pale Kitengela, karibu na Nairobi. Nenda huko kwanza, hata kama watakuweka mlangoni pa tanuri. Kioo cha dirisha hukauka mkononi upesi, hakikupi muda. Usikichanganye na chupa: kila kioo husinyaa kwa kiasi chake, na kazi itapasuka ukidhani imekwisha. Ukimaliza, kiingie kwenye tanuri la kupoozea, nyuzi za Selsiasi kama 500 hivi, kishuke polepole. Hapo wengi hukosa subira, nawe nakujua.

Vyeupe nimeanza kuvitenga kwenye debe. Vile vya rangi ya shaba nauza, usiviguse. Vyote vina mafuta ya taa ya almasi ya kukatia, kwa hiyo uje na sabuni, uvioshe mwenyewe.

Baba yako