Bweni la ghali na mtoto wa kiume: uliza anasamehewa nini

Mzazi anayetafuta shule binafsi ya bweni huuliza ufaulu wa kidato cha nne, ada, chakula na usalama. Yote ni ya maana. Linalosahaulika ni hili: mtoto huyu akishalipiwa, atasamehewa nini? Kupiga deki? Kupanga foleni? Adhabu? Shikamoo kwa mlinzi wa getini? Ukitaka kujua atakuwa bosi wa aina gani akiwa na miaka 45, misamaha aliyoizoea akiwa na miaka 15 itakuambia mengi ambayo cheti hakisemi.

Mfumo wa bweni na viranja tuliurithi kwa Waingereza, na kwao mfano uko wazi. Shule ya Eton ilianzishwa mwaka 1440 na Mfalme Henry wa Sita ili isomeshe bure vijana 70 wasio na uwezo. Baadaye ikawa shule ya wenye nazo, na hadi sasa imetoa mawaziri wakuu 20. Mmoja wao ni Boris Johnson. Aprili 1982, akiwa na miaka 17, mwalimu wake Martin Hammond alimwandikia baba yake kwamba kijana anakasirika akikosolewa kwa uzembe, anashangaa kwa nini hakuteuliwa kaka mkuu, na anaamini kwa dhati kuwa walimu wanamkosea wasipomchukulia kama mtu wa kipekee, asiyebanwa na wajibu unaowabana wengine. Aprili 2022, akiwa waziri mkuu, polisi walimtoza faini kwa kuhudhuria mkusanyiko mwaka 2020, wakati serikali yake mwenyewe ilikuwa imewakataza wananchi kukusanyika.

Na tusidanganyane kwamba fedha peke yake ndiyo inayoharibu. Johnson aliingia Eton kwa mtihani, kwenye zile zile nafasi 70 za ufadhili. Mtoto wa mkulima aliyefadhiliwa naye huharibika, tena upesi, akigundua kuwa anayeongoza darasa hashiki fagio.

Huku kwetu wakoloni walikuwa na Tabora, shule iliyokusudiwa watoto wa machifu. Julius Nyerere, mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki, alisoma pale kuanzia 1937. Inasimuliwa kwamba walimu walimpendekeza awe kaka mkuu na mkuu wa shule akakataa, eti ni mpole mno. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya kujiunga na JKT (Jeshi la Kujenga Taifa), wengine wakibeba mabango kwamba afadhali enzi za mkoloni. Nyerere, wakati huo rais, aliwarudisha makwao kwa mamia. Wengi hukumbuka hilo tu. Mimi naona la maana zaidi ni kwamba siku ile ile alikata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Aliyewataka wengine wabebe mzigo hakujitoa kwenye orodha.

Sasa twende shuleni. Usiende siku ya mahafali, siku hiyo hata mawe yamepakwa chokaa. Omba kwenda Jumamosi asubuhi wakati wa usafi wa jumla. Shule ikikukatalia Jumamosi tatu mfululizo, umeshapata jibu.

Ukifika bwenini, achana na rangi ya kuta. Tazama nani kashika ndoo na tambara, na nani kakaa kitandani anaelekeza. Kisha nenda nyuma, kwenye kamba za nguo. Shule nyingi huandika jina au namba kwenye nguo. Ukimkuta njuka wa kidato cha kwanza anafua mashati matatu yenye namba tatu tofauti, mawili yakiwa ya mtu mwenye mabega mapana kumpita mara mbili, umekutana na utaratibu uliokuwa Eton kwa vizazi: mdogo kumtumikia mkubwa, kumng'arishia viatu na kumwandalia chai. Walioutetea walisema unafundisha utii. Kasoro yake ni kwamba yule mdogo haotei siku ya kuufuta. Anaotea siku atakayofuliwa yeye.

Bwaloni tazama viranja. Kiranja kuingia mapema ili asimamie foleni si kosa, hiyo ni kazi. Kosa ni kiranja kuwa na sufuria yake, au minofu kuwa yake na mchuzi kuwa wa wengine. Cheo kinachokuja na nyama bila zamu ndicho kitakachoonekana baadaye barabarani kwenye msafara wa ving'ora.

Wasikilize pia wanavyowaita wapishi na wafagizi. Mvulana wa miaka 14 anayemwita mama wa miaka 50 "we dada, maji yako wapi" hakuzaliwa hivyo, wala hakuanzia shuleni. Hapo muulize matroni, faragha na bila haraka: mhudumu wa kike akitaniwa vibaya au kushikwa na mwanafunzi, analalamika kwa nani? Kama njia pekee inapita kwa meneja ambaye kazi yake ni kuwaridhisha wazazi, hakuna atakayelalamika. Wanaume wenye vyeo wanaowasumbua wafanyakazi wa kike hawakuanza siku walipopewa ofisi. Walianza mahali ambapo mwanamke aliyeajiriwa hakuwa na pa kusemea.

Kisha omba kuona kitabu cha adhabu. Kwa kanuni za Tanzania, fimbo hutolewa na mkuu wa shule au mwalimu aliyemkasimu, zisizidi nne, na lazima ziandikwe. Kiranja hana mamlaka hayo hata kidogo. Kitabu kikiwa cheupe miezi sita kwenye shule ya wavulana mia nne, usishangilie. Adhabu zinatolewa, ila mahali pasipo na kitabu, mara nyingi baada ya taa kuzimwa, na wanaozitoa ni watoto.

Swali moja lina uzito kuliko mengine, na uliulize kwa sauti ya kawaida: mara ya mwisho mtoto wa mtu mzito alipokamatwa na simu, mlifanyaje? Hutaki majina, unataka utaratibu. Jibu zuri linafanana kwa wote: simu ilichukuliwa, barua ikaandikwa, mzazi akaitwa, adhabu ikatekelezwa. Ukijibiwa "tulizungumza na mzazi" na maneno yakaishia hapo, jua msamaha ulinunuliwa, na wavulana wote wanajua uliuzwa bei gani.

Suala la ada usilipite, hata kama wewe hudaiwi. Shule inayosoma majina ya wadaiwa mstarini inawafundisha watoto wa pande mbili kwa pamoja: mmoja kwamba heshima yake imo mfukoni mwa baba yake, mwingine kwamba yeye anaruhusiwa kutazama. Deni ni la mzazi, barua iende kwa mzazi.

Shule hata iwe nzuri vipi, likizo inaweza kubomoa yote. Mtoto akirudi nyumbani, nguo zake afue mwenyewe kuanzia siku ya kwanza, choo anachotumia asafishe mara moja kwa wiki, siku iliyopangwa, na dada wa kazi aambiwe mbele yake kwamba hiyo si kazi yake tena. Mbele yake, nasisitiza. Usipofanya hivyo dada ataombwa kimya kimya na atakubali, kwa sababu naye anaishi hapo. Pesa ya matumizi mpe kiwango kimoja kwa muhula, kinacholingana na cha wenzake. Patroni atakuambia ni kiasi gani. Usitume za ziada kwa M-Pesa ya matroni. Hiyo ndiyo njia ya kawaida ya mtoto kujikuta ana mtu mzima wa kumtuma. Akifika umri wa kidato cha tatu, apande daladala kwenye njia anayoijua, ikiwezekana kwenda kwa ndugu wanaosoma shule za kayumba, akae siku mbili tatu kama mtoto wa nyumba ile, si kama mgeni anayechinjiwa kuku.

Halafu kuna simu ya patroni. Itapigwa usiku, na itaanza kwa salamu ndefu, kwa sababu mpigaji anaogopa kuliko wewe. Mwanao amempiga mdogo, au amevunja kioo, au amemtukana mpishi. Sema mambo matatu tu: asante kwa kunipigia, fuateni utaratibu wenu, nitakuja siku mtakayoniita. Kisha kata. Wazazi wenye uwezo hukosea hapa kuliko mahali pengine popote: humpigia mkurugenzi, mwenye shule. Mwenye shule anahitaji ada, patroni anaitwa ofisini na kufokewa, na kabla ya uji wa asubuhi bweni zima linajua. Mara ijayo mwanao akikosea, hutapigiwa simu. Utadhani ametulia.

Gharama ya kioo ilipwe, ila itoke kwenye pesa yake ya matumizi, hata kama ni kwa mihula miwili. Aliyepigwa aombwe radhi ana kwa ana na mwanao mwenyewe. Barua ya radhi iliyoandikwa na mwanasheria wa baba, hapana.

Mwisho wa safari hiyo ni kidato cha sita na JKT kwa mujibu wa sheria, iliyositishwa mwaka 1994 na kurejeshwa 2013. Utashawishika kutafuta cheti cha daktari, au kumpigia rafiki ili apangwe kambi ya karibu. Kama mtoto ni mzima, acha. Akipangiwa Bulombora, Mlale au Rwamkoma, aende huko huko. Orodha ya vifaa hutangazwa na JKT yenyewe: bukta, raba, soksi nyeusi, shuka za bluu bahari. Mpe fedha akanunue mwenyewe sokoni, akate tiketi ya basi mwenyewe, na dereva wa nyumbani abaki nyumbani.