Upanga wa babu na msasa wa fundi

SWALI: Shikamoo mzee. Babu alipofariki tulikuta kwenye kasha lake upanga mrefu ulionyooka, uko ndani ya ala ya ngozi. Kwenye kikinga cha mkono kuna taji na herufi G, R na V zilizosokotana. Babu alituambia ni wa afisa Mjerumani aliyekimbia Mwanza mwaka 1916. Fundi anataka kuupiga msasa ung'ae ndipo tuuze. Nimruhusu?
Mjukuu, Nyegezi

JIBU: Marahaba, mjukuu wangu. Fundi asiuguse! Nakshi za kwenye bapa la upanga wa afisa zilichorwa kwa asidi, hazina kina. Msasa wa dakika chache unazifuta, na zikishafutika basi. Nimeshika panga zilizofanyiwa hivyo hapa hapa mjini. Zinang'aa, lakini hazisemi tena zilikuwa za nani. Inaniuma sana.

Wako ni wa Mwingereza. Hizo herufi ni za Mfalme George wa Tano, aliyetawala 1910 hadi 1936. Upanga wa afisa wa jeshi la miguu la Prussia, dola kuu ya Ujerumani ya wakati huo, mtindo wa 1889, una tai kwenye kikinga na alama ya Kaisari Wilhelm kwenye mpini. Hata hivyo usiyatupe maneno ya babu: Waingereza waliiteka Mwanza Julai 1916, na huenda habari mbili zilichanganyika. Yaandike kama alivyoyasema.

Sasa chukua tochi, mulika mgongo wa upanga karibu na mpini. Kama ni kazi ya Wilkinson, watengeneza panga wa London, huenda ukakuta namba. Maafisa walijinunulia panga wenyewe, na kiwanda kiliweka daftari la namba na wanunuzi. Angalia pia bapani kama kuna herufi za jina la mtu.

Utoe kwenye ala leo. Ngozi inashika unyevu, na kwenu huko ziwani unyevu haukosi. Paka mafuta ya cherehani kwa kitambaa laini cha pamba, kisha futa yabaki membamba. Penye kutu nyekundu acha mafuta yakae siku kadhaa ndipo usugue, kwa kitambaa hicho hicho. Usishike chuma kwa vidole vitupu, jasho huleta kutu. Mpini huwa wa ngozi ya taa, yule samaki bapa wa baharini, uliozungushiwa waya. Waya ukilegea, uache ulivyo.

Kuhusu bei, nitumie kwanza picha ya kikinga na hiyo namba.